Kyalo, Nimefungua Plagi

Ndugu yangu Kyalo,

Nimekukasirikia. Nianze na hilo, maana hukupenda mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema neno. Nimekukasirikia wewe uliyelala Matinyani miezi minane sasa, nimewakasirikia wenzetu wote wa kundi la Besi Tupu watakaoisoma barua hii kwenye simu zao, na nimejikasirikia mimi kuliko nyote. Ninaiweka hapa kundini kwa sababu hapa ndipo tulipojuana, na hapa ndipo jambo hili lilipoanzia. Asiyetaka kusoma na apite.

Wiki mbili zilizopita aliingia mgeni, mwalimu mmoja wa upande wa Mwingi anayepiga besi kanisani. Akasalimia vizuri, akatuma picha ya gitaa lake, watu wakamtania kidogo kwa sababu ya nyuzi zenye kutu, naye akacheka pamoja nao. Kisha akauliza: amplifaya yangu inavuma sana nikiiwasha, nifanye nini? Swali lako lile lile, Kyalo, karibu kwa maneno yale yale. Sijaweka hata kikombe cha chai chini, Musembi wa Migwani alikuwa ameshajibu: "Karibu bro. Fungua plagi ukate earth. Hiyo inaitwa dawa ya Dokta." Akaongeza nyuso tatu za kucheka, na wengine nao wakaja na zao.

Dokta ni mimi. Wote mnajua. Chai ilinimwagikia gauni nikaiacha.

Nilimpigia Musembi hapo hapo.

"Ai, Mwende, si ni jokes tu?"

"Kyalo alikufa na nini, Musembi?"

"Si ilikuwa wiring ya ile kanisa? Si ni yule mzee wa stima?"

"Mwambie huyo mwalimu asikate kitu. Mwambie saa hii."

"Sawa, sawa. Usinikalie ngumu hivyo, dada."

Alifuta. Lakini lile neno lake, yule mzee wa stima, lilinikaa kooni siku mbili nzima kama mwiba wa samaki. Kwa sababu Mzee Nzioka, fundi wa stima wa kanisa lenu, hakukuua. Kwa miezi minane watu wa Matinyani wamekuwa wakimwita muuaji, na mimi nimekaa hapa Kiboko nikiuza chaja za simu na kupiga besi harusini, nikijua. Kundi zima lisikie: nilijua.

Lakini acha nikukumbushe kwanza ulivyonibatiza jina la Dokta, maana hata hapo pana makosa yako.

Nilipoingia Besi Tupu hakuna aliyeamini. Nilituma picha ya besi yangu ikiwa imeegemea kiti, na swali la kwanza likawa, "Sister, hiyo ni ya bwana yako?" Musembi akasema hapa si kwaya ya akina mama. Nilijibizana nao siku tatu. Siku ya nne wewe ukatuma sauti, ukipiga nyuzi zako, zikilia kwa kukwaruza kila ulipobonyeza karibu na kichwa cha gitaa, na wanaume wote wakakushauri ununue gitaa lingine. Mimi nikakuandikia: shingo imepinda. Kuna chuma ndani yake. Kigeuze robo mzunguko tu, usizidishe, uliache gitaa lilale mpaka kesho.

Kesho yake ukatuma sauti nyingine, safi kabisa. Ukasema kwa ule mkwaruzo wako wa koo: "Watu wangu, huyu si sister. Huyu ni Dokta. Mkimwita kitu kingine mtanijua."

Niliisikiliza mara ngapi hiyo sauti! Kyalo, wewe hujui kitu kama hicho kinamfanya nini mwanamke aliyejifunzia besi nyuma ya kanisa kwa sababu vijana walikataa kumpisha mbele. Nililipenda hilo jina. Nililipenda kupita kiasi. Kuanzia siku hiyo mtu akiuliza kitu, nilikuwa najibu kabla mwanamume yeyote hajajibu, nijue nisijue, ili mradi jibu la kwanza liwe langu.

Na wewe ukaenda ukaninukuu kila mahali. Ulikuwa na ile tabia yako ya tepu. Kila mtu akikufundisha kitu, uliandika jina lake kwenye kipande cha tepu ya karatasi na kukibandika pale pale ulipotengeneza. Ndani ya mfuko wa gitaa lako palikuwa na majina kama ukuta wa zahanati. Hapa "Waya: Musembi." Pale "Mkanda: mjomba." Na karibu kila mahali pengine, "Dawa ya Dokta." Nikakuuliza kundini kama unafungua ofisi ya usajili. Ukajibu kwamba mtu akila muwa wa watu, asisahau shamba.

Unakumbuka zile nyuzi ulizochemsha? Mimi ndiye niliyekufundisha. Nyuzi za besi zikichoka zinakuwa bubu, na mpya si kitu cha kupatikana Matinyani, basi unazivua, unazichemsha, zinatoa uchafu, zinaamka. Nilisema uzichemshe. Sikusema uzichemshe kwenye sufuria anayopikia mama yako mahindi ya muthokoi. Ulituma sauti ukiwa jikoni, maji yakitokota, na nyuma yako mama anaingia.

"Wee Kyalo! Unanipikia misumari?"

"Mwaitu, mama, ni dawa. Ni dawa ya Dokta."

"Dokta gani huyo? Umwambie aje anioshee sufuria!"

Kundi lilicheka wiki nzima. Ikawa msemo wetu: mtu akiuliza chochote, tunamuuliza kama amejaribu kuchemsha. Hata leo nikisikia sauti hiyo nacheka kwanza, kisha nakasirika kwamba nimecheka.

Tulionana kwa macho mara moja tu, kwenye harusi karibu na mji wa Wote. Mpiga besi wa bendi moja aliugua ukaitwa kushika nafasi yake, na bendi yangu ilikuwa imealikwa kwa zamu ya mchana. Ulikuwa mfupi kuliko sauti yako. Nilikwambia hivyo, ukaniambia na mimi ni mnene kuliko picha yangu, tukawa tumesalimiana. Ukaiona besi yangu ya nyuzi tano ukashika kiuno.

"Tano? Unaogopa nini, Dokta? Nne hazikutoshi?"

"Mtu wa nyuzi nne ni kama mtu aliyeangusha mzigo njiani akaona uvivu kurudi kuuchukua."

Uliomba uipige nyimbo mbili. Uliipiga vizuri, lazima niseme, ingawa ule uzi wa tano uliugusa mara moja tu kama mtu anayejaribu moto wa pasi. Jioni nikifungua begi nikakuta tepu nyuma ya gitaa: "Ilipigwa na Kyalo, ikakubali." Bado ipo. Sijaitoa, na jasho la mkono wangu limeanza kuila herufi.

Baadaye stima ikafika kanisani kwenu. Hapo ndipo Mzee Nzioka anapoingia, na ninyi wa kundi ambao mnamjua kwa matusi tu, leo mjue kazi yake. Ni yeye aliyevuta nyaya zile zote juu ya ngazi yake, peke yake, katika umri wa kukaa kivulini. Alipomaliza ndani akaenda nyuma ya kanisa akapigilia ardhini chuma kirefu kilichopakwa shaba. Kisha akawaita akina mama akawaambia udongo wetu umekauka sana, chuma hakishiki ardhi ipasavyo, kwa hivyo kila wiki kimwagiwe maji. Akina mama wakamtazama. Maji yenyewe yanatoka kwenye mchanga wa mto, yanapandishwa na punda, na huyu anataka yamwagiwe chuma.

Mama yako ndiye aliyekubali. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi yenu alikuwa anamwaga nusu mtungi pale. Wewe ukamchukua video ukaituma kundini, na mzaha ukafunguka. Kitaota lini? Kitazaa maembe au misumari? Mimi niliandika kwamba akikipalilia vizuri kitazaa nyuzi. Na katika video hiyo hiyo mama yako anasikika, bila hata kugeuka, akisema: "Chekeni tu. Mzee amesema haya maji yanamlinda mwanangu." Nimeitazama tena juzi. Nilikuwa nimesahau kwamba alisema hivyo, au nilitaka kusahau.

Ukapata amplifaya yako, ile kubwa ya mtumba uliyoililia mwaka mzima. Ilipowashwa ikaanza kuvuma. Ukaandika: "Dokta, hii kitu inavuma mpaka pastor ananiangalia vibaya wakati wa maombi. Nifanyeje?"

Jibu langu nililikariri bila kutaka. Ninaliandika hapa kama lilivyokuwa, kwa sababu nyote mlilisoma na hakuna hata mmoja wenu aliyelitaja kaburini: "Earth hiyo. Fungua plagi, kata ule waya wa kijani na manjano, funga na tepu. Mimi yangu nilikata zamani na bado niko hai."

Na bado niko hai. Nilidhani ni kichekesho. Mlinipa nyuso thelathini na moja za kucheka, nilizihesabu kwa raha. Baada ya nusu saa ukarudi, Kyalo: "Kimya kabisa! Pastor ametabasamu. Muvea sana, Dokta." Asante ya kwetu, kwa lugha yetu, mbele ya watu wote. Kisha Musembi akaleta tena vita vya nyuzi nne na tano, maneno yakafuatana mia mbili, na ushauri wangu ukafunikwa huko chini.

Hapa ndipo hasira yangu na wewe inapokaa. Mzee Nzioka anaishi umbali wa wewe kumwita kwa sauti ukiwa mlangoni pa kanisa. Ameweka kila waya uliomo humo kwa mikono yake. Ungemuuliza! Ungempelekea hata ile plagi mkononi. Badala yake ukamuuliza mwanamke wa Kiboko anayeuza chaja, ambaye hajawahi kuiona amplifaya yako, na ambaye unajua, kwa sababu ulinijua kuliko wote humu, kwamba hawezi kusema sijui. Kwa nini uliniamini hivyo? Nani alikwambia jina ulilonipa wewe mwenyewe ni shahada?

Kwa wale wasiojua, na wengi wetu hatujui ingawa tunajitia mafundi: ule waya ni njia ya stima ya kutorokea. Kitu kikiharibika ndani ya amplifaya, stima inapita kwa ule waya, inashuka kwenye chuma cha nyuma ya kanisa, na swichi ya ukutani inaruka. Ukiukata, stima haina pa kwenda. Inabaki kwenye bati la amplifaya, inapanda kwa waya wa gitaa, inakaa kwenye nyuzi, inangoja mtu ashike kitu kingine. Mvumo unaisha, kweli. Na mlinzi pia anaondoka.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi ya mazoezi, sakafu ilikuwa imetoka kuoshwa. Mama yako alikuwa ameshamwaga maji yake. Mlikuwa mmeimba mara moja, haikuwa nzuri, ukavua viatu kama ulivyozoea, ukainama kwenye maiki ukiwa umeshika nyuzi ili useme, tuanze tena. Alinieleza mama yako mwenyewe. Alisema hukumaliza hata neno la kwanza.

Nilikuja kukuzika. Tulikuja kumi na wawili wa Besi Tupu, tukiwa na fulana zenye jina la kundi, na tukasifiwa kwa umoja wetu. Nikiwa kwenye foleni ya chakula nikawasikia wanawake wawili wakisema yule mzee ameambiwa asikanyage hapa. Chuma chake, walisema, ndicho kilicholeta stima mpaka chini ya miguu ya watoto. Mmoja akasema alijua tangu mwanzo, chuma gani kinaomba maji kama mtu? Nilisimama pale na sahani yangu. Musembi alinitazama, Kyalo. Mara moja tu, kisha akatazama nyama. Kwa hivyo usinidanganye, Musembi, wewe usomaye hapa. Ulikumbuka. Na wengine mlikumbuka. Tulikula wali wa marehemu tukijua tulichojua, tukaimba, tukarudi nyumbani, na tukaendelea kutaniana kuhusu nyuzi.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, ndivyo walivyotufundisha shuleni. Nilidhani ni methali ya watoto wanaosukumana.

Nilijitetea sana humu kichwani. Pengine hukukata. Pengine ulisema tu ili kunifurahisha, na mvumo uliisha kwa njia nyingine. Hakuna aliyeifungua ile plagi. Amplifaya iliachwa ndani ya kanisa, kona ya nyuma, chini ya kitambaa, watu wakiipitia mbali kama kaburi la pili. Maadamu plagi imefungwa, nilikuwa na nafasi ya kutokuwa na hatia, na nafasi hiyo niliilalia miezi minane. Mzee Nzioka naye alikuwa na miezi minane. Waliokuwa wakimpa kazi waliacha kumwita. Kwenye ibada alikuwa akikaa benchi la mwisho, na benchi hilo likawa lake peke yake.

Ndiyo maana Musembi alipoandika dawa ya Dokta kwa yule mwalimu, sikuweza tena. Jumamosi iliyopita nilifunga kibanda, nikachukua bisibisi, nikaja Matinyani.

Mama yako alinipokea vizuri mno. Alinipikia. Muthokoi, Kyalo, kwenye sufuria ile ile. Nilimwambia nataka kuifungua plagi ya amplifaya yako, na nataka Mzee Nzioka awepo. Akaweka kijiko chini.

"Huyo mzee wa nini?"

"Nakuomba, mama. Akikosa kuwepo sitafungua."

Alitoka nje akamtuma jirani kumwita.

Mzee alikuja na mfuko wake wa kazi ingawa hakuna aliyemwambia aubebe. Amekonda. Alimsalimia mama yako, na mama yako akaitikia akitazama ukuta. Tukaingia kanisani sisi watatu, mchana kweupe, mlango wazi. Nikakivuta kile kitambaa, nikakaa chini sakafuni, nikaanza kufungua skrubu za plagi. Mzee alinyoosha mkono kama anayetaka kunisaidia, kisha akaurudisha. Nadhani ameshazoea kukatazwa.

Kifuniko kikatoka. Ule waya wa kijani na manjano ulikuwa umekatwa, umekunjwa vizuri, umefungwa tepu nyeusi. Kazi safi. Na juu ya tepu nyeusi, kipande kidogo cha tepu ya karatasi, na mwandiko wako.

Kyalo, kwa nini? Hata humo? Mahali ambapo hakuna jicho lingefika, ulikunja karatasi ndogo kama ukucha ukaandika?

Mama yako hasomi herufi ndogo bila miwani. Akainama. "Kumeandikwa nini hapo?"

Mzee Nzioka alikuwa upande wangu. Alikuwa ameshasoma, nililiona jicho lake likipita mara mbili. Angeweza kusema. Baada ya miezi minane alikuwa na haki ya kulipaza neno hilo mpaka barabarani. Hakusema. Alinitazama tu akangoja, na mimi nikajua kwamba ningesema hakuna kitu, ni alama ya kiwanda, mzee huyo angenyamaza pia.

Nikasoma. "Dawa ya Dokta. Muvea, dada."

"Dokta ni nani?" mama yako akauliza. Halafu nikamwona anakumbuka, ile sufuria, zile nyuzi. "Ni wewe."

"Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyemwambia akate."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aligeuka kwa Mzee Nzioka akamuuliza kwa Kikamba kama waya huo ndio unaokwenda kwa kile chuma cha nje. Mzee akasema ndio. Mama yako akauliza, ukikatwa, maji yanafanya kazi gani. Mzee akajibu kwamba hayafanyi kazi yoyote.

"Kwa hivyo siku ile nilimwaga bure."

Ndipo mzee akaniomba bisibisi. Aliitoa ile tepu yako polepole asiichane, akampa mama yako, akaurudisha waya mahali pake na kukaza. Akatuambia tusimame mbali. Akaichomeka plagi, akawasha kwa ncha ya ubao mkavu. Ile swichi kubwa ya ukutani ikaruka, tak, na taa ya mlangoni ikazimika. Ni hicho tu.

"Kuna kitu ndani kiliungua baada ya waya kukatwa," akasema. "Waya ungekuwepo, siku ile ingefanya hivi. Stima ingepotea, angekasirika kidogo, angekuja kunigongea mlango." Akawa anaviringisha waya akitazama chini. "Nilikuwa nyumbani siku hiyo. Angenipata."

Mama yako alilia hapo. Mimi pia nililia, na hasira haikutoka na machozi, ilibaki pale pale. Nilimwambia naomba msamaha. Akasema, "Sijui. Usiniulize leo." Akaifunga ile tepu kwenye ncha ya leso yake, pale wanapofungia vitu vya maana. Tukiwa mlangoni akasimama.

"Kesho utaongea kanisani. Utasema yote, na huyu mzee atakuwa amekaa mbele. Na Jumamosi utarudi. Hicho chuma sasa ni wewe utakimwagia maji. Mtungi mzima, si nusu."

Niliongea, Kyalo. Sitaeleza nyuso za watu. Nilipomaliza, pastor alimwita Mzee Nzioka jina lake kamili na kumwomba radhi kwa niaba ya kanisa, na mzee akaitikia kwa kichwa tu, akabaki amekaa. Sidhani kama imetosha. Benchi la mbele alilokalia lilijaa Jumapili hiyo, lakini walimkimbia miezi minane na hiyo hairudi.

Sasa ninyi wa kundi. Mnaweza kunitoa, ni sawa. Lakini kabla hamjanitoa, nendeni mkafungue plagi zenu. Najua wangapi mlikata kwa sababu yangu, mlinishukuru hapa hapa. Rudisheni huo waya leo, na asiyejua amtafute fundi wa stima wa kwao aliye karibu, ambaye hana kundi wala nyuso za kucheka. Na mtu asiniite tena lile jina. Musembi, ukilitaja kwa mzaha tena nitakuja Migwani.

Na wewe, ndugu yangu. Ningekuwa na nafuu kama ungeandika tusi. Ungeandika tu "Dokta," bila ile "Muvea". Umeniachia asante kwa kitu kilichokuua, na hakuna mahali pa kuirudisha. Nimejaribu kukusamehe kwa kuniamini na bado sijaweza. Nitajaribu tena Jumamosi nikiwa na mtungi.

Leo asubuhi nimeifungua plagi yangu mwenyewe, ile niliyojisifia. Nimeurudisha waya. Kisha nikakata kipande cha tepu nikaandika, kwa mwandiko mbaya kuliko wako: "Dawa ya Fundi Nzioka." Chini yake nikaandika jina lako, nikabandika ndani, nikafunga. Nimeiwasha. Inavuma, Kyalo, inavuma vibaya, wenye vibanda vya jirani wamekuja kuuliza ni nini. Nimewaambia waiache.

Lala, ndugu yangu. Mama yako ninakwenda kumwona.

Dada yako wa nyuzi tano,
Mwende, Kiboko